Kiti cha Magurudumu Hakikohoi

Tusidanganyane, jamani. Mradi wa walemavu ukifika huku kwetu Niboye, tunapiga picha na kiti cha magurudumu, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Nani anauliza kama yule aliyekaa juu ya kiti anaweza kukohoa?

Mtu aliyeumia uti wa mgongo shingoni, ama kijana ambaye misuli yake inaisha kidogo kidogo, mara nyingi haui miguu. Ni makohozi. Tumbo na kifua havina nguvu ya kuyatoa, yanatuama, na mafua ya siku tatu yanakuwa nimonia.

Mashine ya kazi hiyo ipo, na wala si ya jana: Marekani waliitumia kwa wagonjwa wa polio miaka ya 1950. Inasukuma hewa mapafuni kupitia maski, halafu ghafla inaivuta, na makohozi yanafuata. Msiichanganye na ule mpira wa kufyonza. Mpira ukishuka, mara nyingi unaingia upande wa kulia; pafu la kushoto linabaki vilevile, na mgonjwa ameshateseka bure.

Najua jibu: "Ni ghali." Kweli, ni ghali. Lakini hiyo imekuwa sababu ya kutofanya kitu chochote, na hapo ndipo ninapokataa. Mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono si anasa. Mgonjwa anajazwa pumzi mbili tatu bila kuitoa, halafu anapokohoa, mlezi anasukuma tumbo lake kwa ndani na juu, haraka, kwa pamoja naye. Mama anaweza kujifunza. Kaka pia. Lazima mfiziotherapia aonyeshe kwanza, maana mwenye pafu lililowahi kupasuka, ama aliyetoka kula sasa hivi, hafanyiwi hivyo. Hata kupima ni rahisi: kile kifaa cha plastiki wanachopuliza watu wa pumu, mgonjwa akohoe ndani yake. Chini ya lita 160 kwa dakika, hawezi kujisafisha mwenyewe.

Kwa hiyo nyie wa mashirika, fomu yenu ya kutembelea nyumba ina maswali ya choo, godoro na magongo. Ongezeni moja: "Anakohoa kwa nguvu?" Akijibu hapana, mleteni mfiziotherapia kwake kabla mvua za Machi hazijaanza, na familia yote iwepo.