Vumbi la makala Goma: bakteria wanaweza kuligeuza mbolea?

Mjini Goma, vumbi la makala linalobaki chini ya gunia lina njia mbili: kukandwa kuwa briketi, au kutupwa. Njia ya tatu, kulifanya mbolea kwa msaada wa bakteria, inavutia kwa sababu Afrika Kusini kitu kinachofanana nayo kimeshajaribiwa. Ila haiwezi kuletwa Majengo hivi hivi.

Huko Afrika Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes walichunguza majani yaliyoota yenyewe juu ya marundo ya taka za migodi ya Witbank, mji unaoitwa leo Emalahleni. Kwenye mizizi walikuta kuvu inayovunja makaa ya mawe, na baadaye wakatafuta bakteria wenye uwezo huo. Makaa yakivunjika hutoa asidi za humiki, zilezile zinazoipa mbolea iliyooza vizuri rangi nyeusi. Hizo hushika maji na kuzuia chakula cha mimea kisisombwe na mvua.

Kongo nayo ina makaa ya mawe, Luena na Lukuga karibu na Kalemie, lakini hayafiki kwenye mbabula za Goma. Goma inapika kwa makala ya miti, mengi yakitoka upande wa Masisi, Rutshuru na Hifadhi ya Virunga.

Tofauti hiyo si ndogo. Makaa ya mawe machanga, au yaliyokaa sana kwenye hewa, bado yana sehemu ambazo vijidudu wanaweza kukata. Makala yamepikwa kwa moto bila hewa ya kutosha hadi kaboni yake ikawa ngumu. Sehemu yake kubwa hukaa ardhini mamia ya miaka. Kwa hiyo muuzaji anayeahidi kwamba dawa ya chupa italigeuza vumbi hilo kuwa mbolea kwa wiki mbili, anauza maji.

Lakini makala hayakosi kazi shambani. Yana vitundu vingi vidogo ambamo bakteria hujificha na maji hubaki. Watu wa kale wa Amazon waliyachanganya na taka za nyumbani, na udongo wao mweusi bado unazaa. Kinachooza ni maganda ya ndizi, mabaki ya sombe, samadi ya mbuzi. Bakteria hula hivyo, rundo linapata joto, na baada ya miezi michache vumbi limeshiba chakula. Likimwagwa peke yake linaweza kunyonya azoti, na lengalenga zikageuka njano.

Kwa Majengo, udongo wenyewe ndio shida. Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya lava. Ile ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika karibu asilimia 13 ya mji, na ya Mei 2021 ilisimama pembezoni, upande wa Buhene, si mbali na Majengo. Masisi lava ya zamani imeshakuwa udongo mnene, wakati kwenye viwanja vingi vya mjini mwenye kutaka mboga analazimika kununua udongo au kupanda ndani ya magunia. Tangu M23 ichukue mji Januari 2025, benki zikafungwa na kazi nyingi zikapotea, gunia la mboga nyuma ya nyumba limekuwa chakula hasa.

Hapo kuna mgongano ambao wapenda mbolea husahau: mama asiye na pesa ya makala hatazika vumbi linaloweza kuwaka. Lililo safi litaendelea kwenda kwenye briketi, na ni haki yake, kwani kila briketi inapunguza kidogo mti unaokatwa Virunga. La kupeleka kwenye mbolea ni lile lililochanganyika na mchanga, lisiloshika moto.

Hata hivyo, vumbi ni kiungo kidogo. Hasara kubwa iko kwenye taka za masoko kama la Virunga, ambazo zingewalisha bakteria hao, lakini zinalala pamoja na plastiki na betri za redio. Zisipotenganishwa pale pale sokoni, mbolea hiyo itabeba sumu hadi kwenye sufuria. Chuo Kikuu cha Goma kina kitivo cha kilimo. Kujaribu magunia machache, yenye vumbi na yasiyo na vumbi, kunahitaji msimu mmoja wa mvua na mtu wa kupima.