Mashujaa wa 25 Julai, walinzi wa mapagale

Makamanda, kila tarehe 25 Julai tunaona picha zilezile: mkuki, ngao, shada la maua, gwaride safi. Marehemu wanaenziwa, sawa kabisa. Sasa tuwaulizie waliobaki hai.

Pita barabara ya Bagamoyo, Mapinga mpaka Kerege na Zinga. Viwanja vimepanda bei, wenye navyo wengi wako Dar, na ndani ya mapagale yasiyo na milango wanaishi wazee wanaolinda. Hiyo ndiyo sura ya kukosa makazi kwetu. Mtu analala kwenye nyumba isiyo yake, na siku mwenyewe akipaua, anafungasha. Mmoja niliyeongea naye alichukuliwa kutoka mgambo mwishoni mwa 1978, kijana wa miaka 20. Akaenda Kagera, akavuka mpaka, akarudi. Vita ikaisha 1979, akaambiwa asante. Pensheni hana, eti hakuwa askari wa kudumu. (Sisi tunaoitana makamanda kwenye magrupu ya WhatsApp, hapa tukae kimya kidogo.)

Utasema waende mahakamani. Haya, fungua Katiba. Ibara ya 11 inataka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Maneno matamu. Halafu rudi ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama yoyote. Yaani mzee kapewa haki, mlango wa kuidai umepigwa kufuli. Na bado tukisema Katiba mpya, wanadhani tunatafuta vyeo.

Hoja ya hela hakuna siipokei. Zanzibar inalipa Pensheni Jamii tangu Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea, awe alikuwa karani au mvuvi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ndogo, lakini ilianza. Mwalimu alipotangaza vita ile alisema uwezo upo, sababu ipo, nia ipo. Kwa wazee hawa kilichokosekana ni hicho cha tatu.

Matawi ya Bagamoyo, kazi yetu hii hapa: kijiji kwa kijiji, andikeni nani alikwenda, kikosi gani, ana karatasi gani, analala wapi. Orodha iende kwa diwani na halmashauri, awe wa chama chochote, na viwanja vya halmashauri vikipimwa tudai wawekewe fungu lao. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 ameshapita 65. Wengine karatasi zao zimeliwa na mchwa, mashahidi wao wanazikwa kila mwezi.