Barua ya Shekhe Ahmadi



Katika mwaka 1908, Vita vya Maji Maji vilipokuwa havijasahauliwa, ilienea katika nchi hii barua iliyodaiwa kutoka Maka. Huko Lindi watu waliingiwa na hofu kuu, na serikali ya Wadachi nayo ikaogopa kwamba yaja maasi mengine. Mwenye barua alijiita Shekhe Ahmadi, mtunzaji wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina. Alidai amemwona Mtume ndotoni, akaambiwa Kiyama ki karibu, watu watubu upesi.

Haikuwa ngeni. Barua ya namna iyo hiyo ilikwisha tembea huko Java, na mwanachuoni wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, akaandika habari zake mwaka 1884. Leo ingali yatembea, ila sasa ni kwa simu, nayo yatufikia hata huku Busunzu. Anayeipeleka kwa wenzake ameahidiwa mali. Anayeinyamazia ametishwa msiba. Twawajua kina mama waliokosa usingizi kwa kuwa hawakuwa na salio la kuituma. Jambo hili latuuma sana, kwani wanaotishwa ni wale wale wenye kumcha Mungu.

Katika vitabu vya Mayahudi mna kisa cha Nabii Yeremia. Hakutajwa katika Kurani, lakini Mola ametujulisha kwamba wako mitume ambao hakutusimulia habari zao. Zama hizo mfalme wa Babeli alikwisha chukua mateka watu wa Yerusalemu pamoja na vyombo vya hekalu. Akasimama Hanania mbele ya makuhani, akasema kwa jina la Mungu kwamba ndani ya miaka miwili wote watarudi. Maneno matamu! Yeremia akaitikia amina, lau ingekuwa hivyo; kisha akasema kwamba nabii atabiriye amani hujulikana neno lake litimiapo. Hanania alikufa mwaka uo huo, katika mwezi wa saba, na baadaye mji ukateketezwa kwa moto.

Hanania aliwatuliza watu, Shekhe Ahmadi awatisha. Kosa lao ni moja, kumsingizia Mungu neno ambalo hakulisema.

Kijana mmoja wa chuoni alituuliza: "Maalim, mbona Nabii Yunus naye aliwaonya watu wake, na adhabu haikuwashukia?" Swali hili lilitufurahisha. Watu wale waliamini, na Mola akawaondolea adhabu. Ndivyo Kurani ituelezavyo. Lakini Yunus hakumwahidi mtu mali kwa kunakili barua. Na kuhusu wakati wa Kiyama, Mtume mwenyewe aliamrishwa aseme kwamba elimu yake iko kwa Mola peke yake. Basi mtunza kaburi ameipata wapi?

Marehemu Shekhe Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia aliandika kuikanusha barua hii, akabainisha kuwa ni uongo. Mama atakayeipokea na aifute, alale.