Usimnyang'anye Mtoto Hadithi Inayomsemea

Huenda nawe umewahi kushika kitabu cha hadithi cha binti yako, ukasoma kurasa mbili tatu, ukashtuka kukuta habari za msichana wa shule aliyebakwa. Hapa Timau nimewasikia wazazi wakilalamika kwamba vitabu vya siku hizi vinawafundisha watoto uchafu. Mimi kama daktari sikubaliani nao.

Mambo haya hayakuzuliwa na waandishi. Huku kwetu Meru, usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wavulana wa Shule ya Upili ya St. Kizito walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walifariki na wengine zaidi ya 70 wakabakwa. Waliofariki tuliwahesabu. Je, waliobaki hai walipata nani wa kumweleza?

Mtoto aliyedhulumiwa shuleni haingii kwa daktari akisema amedhulumiwa. Huja na tumbo linalouma bila sababu, maumivu ya kichwa, au kukojoa kitandani akiwa na miaka 14. Mwingine hukataa kurudi shuleni likizo inapokwisha. Ukimpima taifodi na vidonda vya tumbo, hapatikani na chochote.

Mwanafunzi mmoja aliletwa kwangu na mamake mara tatu kwa sababu ya tumbo. Mara ya tatu nilimwomba mama asubiri nje, nikamwuliza msichana wanasoma nini shuleni. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Daktari, mimi ni kama Sara."

Sara ni msichana katika hadithi "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany, iliyo katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, ambayo ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya shule za upili. Sara anabakwa, anapata mimba, na anaogopa babake na mwalimu mkuu kuliko anavyoogopa kitu kingine. Rafiki yake Sarina ndiye anayemsaidia kufika kwa daktari. Mgonjwa wangu hakuwa na maneno ya kusimulia yaliyompata, ila alikuwa na jina la Sara. Hilo lilitosha kuanzia.

Nakubali kwamba si kila kitabu kinafaa. Mwandishi Stephen King wa Marekani aliiondoa sokoni riwaya yake, Rage, inayosimuliwa na mwanafunzi anayewapiga walimu risasi, baada ya wanafunzi kuuawa na mwenzao katika shule moja ya Kentucky mwaka 1997. Basi tofautisha hadithi inayotazama mambo kwa macho ya anayeua na ile inayosimama na aliyeumizwa. Kisome kitabu mwenyewe kwanza, kisha mwulize mtoto, "Wewe ungekuwa Sara, ungemwambia nani?" Halafu nyamaza umsikilize.

Akikueleza kwamba amebakwa, usimgombeze wala usimwulize alivaa nini. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi siku tano, lakini kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Asioge wala asifue nguo kabla ya kuchunguzwa. Nguo zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Polisi watakupa fomu ya P3 ijazwe na daktari. Ukikosa pa kuanzia, piga simu nambari 116 bila malipo.

Yule msichana alikuja kwangu muda ukiwa umepita sana. Nilitibu nilichoweza. Kwa miezi kadhaa kitabu kilikuwa ndani ya mkoba wake, na hakuna mtu mzima aliyemwuliza kinasema nini.

Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Tusiwe sisi wazazi tunaowasaidia watoto kuuficha.