Droni ya Mwanao na Paa la Jirani



Akina mama kadhaa wa Eastlands, kuanzia Umoja hadi Majengo ya Pumwani, wameniuliza swali lenye sura moja: kijana anaomba fedha za vipuri, ataka kuunda droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani. Je, hiyo ni elimu, au ni mchezo wa kupoteza mali? Jawabu langu ni kuwa ni elimu, tena elimu nzito. Ila sehemu yake kubwa husomwa chini ya dari.

Mwenye shaka na autazame muundo wake. Droni ya kawaida ina mota nne. Mbili huzungusha mapanga yake kwa mwendo wa saa, na mbili kinyume chake, kwani zote zingezunguka upande mmoja, kiwiliwili chenyewe kingezunguka upande wa pili. Kabla ya kununua chochote, mwanafunzi hupiga hesabu: chombo cha gramu 500 chahitaji nguvu ya kuinua iliyo maradufu ya uzito huo ndipo kitii amri vyema, basi kila mota iweze kuinua gramu 250. Hufuata kulehemu nyaya, na fundi wa redio wa mtaani ni mwalimu mzuri wa kazi hiyo. Kisha huja programu. Kihisi hupima mwinamo wa chombo, kompyuta ndogo iliyomo ndani huulinganisha na amri iliyotoka kwenye rimoti, ndipo huongeza au kupunguza kasi ya kila mota, mara mamia kwa sekunde moja. Programu iitwayo ArduPilot hupatikana bure, nayo humwezesha mtu kurusha droni ya kuigiza ndani ya kompyuta, ikaanguka mara mia pasi na kuvunjika hata kikombe. Wala sioni kwa nini elimu hii waachiwe wavulana. Mikono iliyozoea sindano hailehemu vibaya.

Ndugu zetu wa Zanzibar wameshaitia kazini. Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifunzwa kurusha droni, wakazipiga picha Unguja na Pemba kutoka angani ili zichorwe ramani za mipango ya ardhi.

Tatizo la Eastlands ni anga yake. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zataka mmiliki awe ametimiza miaka 18 na apate idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Chombo kisipande zaidi ya futi 400, wala kisirushwe bila ruhusa ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege. Sasa tupime wenyewe. Kambi ya Moi ya jeshi la anga iko papo hapo Eastleigh, na uwanja wa Jomo Kenyatta uko Embakasi. Mitaa yetu imebanwa kati. Hivyo mzazi ndiye wa kwenda kuuliza kwenye Mamlaka, na aulize kabla ya vipuri kununuliwa.

Iko na ruhusa ya pili, ambayo hakuna ofisi iitoayo. Juu ya mapaa ya maghorofa yetu wanawake huanika nguo, hujifunua vichwa, hukaa wakasukana, wakijua hawaonwi na mgeni. Surat Nnur imetufunza kubisha na kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Jicho la kamera likivuka ukuta, limeshaingia. Rai yangu ni kwamba droni ya kwanza iundwe bila kamera kabisa: uzito hupungua, gharama hupungua, na kijana hajifunzi pungufu.

Nyumbani, mama aishike betri kwa mkono wake. Betri hizi za lithiamu zikivimba au zikitobolewa huweza kulipuka moto. Zisichajiwe usiku watu wamelala, wala juu ya godoro. Na mapanga yafungwe mwisho, mota zikishajaribiwa, kwani hukata vidole.