ZABURI MOJA KWA SIKU, MEI UMEMALIZA

Najua umeshapanga mambo kibao: kuacha sigara, kupunguza bia, kufungua akaunti benki, kupatana na yule mliyekorofishana naye. Ikifika katikati ya Januari, ada za shule zikishakomba mfuko, yote yanakuwa hadithi. Leo nakupa mpango usiotaka hela: kusoma Zaburi kila siku.

Hesabu ni rahisi. Zaburi ziko 150. Ukianza Januari mosi, moja kwa siku, unamaliza tarehe 30 Mei. Mwenye haraka asome tano kwa siku, mwezi mmoja kazi kwisha. Ya 117 ina mistari miwili tu, unaimaliza chai haijachemka. Ila jihadhari na ya 119! Ile ina mistari 176, katika mafungu 22. Hapo ruksa kuigawa, hakuna atakayekukamata.

Na usidhani ni jambo geni Tabora. Wamoravian, waliofika Urambo mwaka 1898, kanisa lao lina kitabu cha neno la kila siku kilichoanza kuchapwa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1731.

Kabla yao alipita Dk. Livingstone. Akiwa mtoto wa miaka tisa kule Scotland, aliisema kwa kichwa hiyohiyo Zaburi ya 119, akazawadiwa Agano Jipya. Mwaka mpya wa 1871 ulimkuta Bambare, Manyema, mashariki ya Kongo, amekwama na vidonda vya miguu. Mwenyewe aliandika kuwa huko Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne. Mwaka 1872 akawa Kwihara, hapo jirani na mjini Tabora, miezi kadhaa akingoja wapagazi kutoka pwani. Kusoma hakukuponya kidonda wala hakukuharakisha msafara. Lakini mimi naona kulimpa mtu aliyekwama kitu cha kushika kila asubuhi.

Sasa kijana wa Lusu, kule Nzega, ataniuliza: "Kaka, Zaburi italeta ajira?" Swali la haki kabisa. Mgodi wa Golden Pride ulifanya kazi pale miaka kama 15, kisha ukafungwa. Dhahabu ilikwenda, vijana wamebaki.

Jibu langu: hapana, Zaburi haitakuletea ajira, na anayekuahidi hivyo anataka sadaka yako. Itakachokupa ni ruhusa ya kusema ukweli. Watu wanadhani Zaburi ni shangwe na vigelegele tu. Wapi! Nyingi ni malalamiko. Soma ya 13 uone mtu aliyechoka kungoja. Soma ya 73, ya mtu anayewaonea wivu waovu wanaotesa kwa raha wakati yeye mwadilifu anasota. Ya 88 inaanza na giza na inaishia gizani, hakuna hata kifuta machozi mwishoni. Na bado imo kwenye Kitabu! Maana yake kulia mbele za Mungu si kukosa imani.

Vijana wetu wengi wanajifanya "poa tu" kijiweni, kumbe ndani kunawaka moto. Wengine wanauzima kwa gongo. Heri dakika tano za Zaburi, usome kwa sauti, mlango umefunga.

Mbinu zangu ni tatu. Soma saa ileile kila siku, kabla hujatoka. Andika namba ya Zaburi iliyokugusa na tarehe. Ukiruka siku mbili usijilipize kwa kusoma kumi, endelea ulipoishia. Nanyi wasomaji wangu Waislamu, Zaburi ya Nabii Daudi mnaijua kwa jina, kwa hiyo msinione nawatenga.

Haba na haba hujaza kibaba. Tukutane wiki ijayo, na tarehe 30 Mei nitakuuliza umefika ya ngapi!