Uenyeji si Unyonge

Yako maneno yapitayo vinywani mwetu kila siku bila ya kuulizwa yametoka wapi wala yamebeba nini. Leo twapenda kulisimamisha moja njiani na kuukagua mzigo wake. Ni kivumishi cha Kiingereza, "native". Wazee wetu walilisikia neno hilo zaidi kuliko walivyopenda. Limeondoka katika sheria zetu, lakini halijaondoka lote katika fikra zetu.

Asili yake haina ubaya. Limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuzaliwa, likapita Ufaransa, likafika Uingereza. Ndugu zake ni maneno ya Kiingereza ya taifa na ya maumbile. Hata jina la Natal, huko Afrika Kusini, ni la ukoo huo huo. Vasco da Gama aliipa pwani ile jina hilo wakati wa Krismasi ya mwaka 1497, miezi michache kabla hajafika Malindi, maana Wareno huiita sikukuu hiyo kwa neno la kuzaliwa. Basi maana ya kwanza ya "native" ni mzaliwa wa mahali fulani. Mwingereza ni "native" wa Uingereza, na mkaratusi ni "native" wa Australia. Neno hili halikukusudiwa kusimama peke yake. Lataka liulizwe: wa wapi?

Hata hivyo, tangu zamani lilikuwa na upande wa pili. Katika Uingereza ya Enzi za Kati, neno lile lile la Kilatini lilitumiwa kumwita mkulima aliyezaliwa katika utwana, aliyefungwa kwenye shamba la bwana wake. Kumbe mkulima wa Kizungu naye aliwahi kuitwa hivyo, na maana yake ilikuwa mtu asiye huru.

Mkoloni alipokuja kututawala alilikata neno hilo mkia. Hakusema tena "wa wapi". Alisema "native" basi, na kila Mwafrika, awe Mluguru au Mhaya, akatiwa katika kapu moja. Sheria ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliweka mamlaka za "native" nchini Tanganyika. Baadaye zikaja na mahakama zake. Jina lilikuwa letu, lakini amri ilikuwa ya nani?

Jibu liko katika milima ya Uluguru. Waluguru, ambao jina lao lenyewe lamaanisha watu wa milimani, hawakuwa na mfalme mmoja wa milima yote. Ardhi ilikuwa mikononi mwa koo, na ukoo hufuatwa upande wa mama. Utawala wa kikoloni ukawawekea juu yao watawala wa kupokea amri kutoka bomani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia ya kuokoa udongo haikuwa mbaya. Lakini penye udongo mwembamba, kuchimba kuliufukia ule wenye rutuba na kuutoa juu ule usiozaa. Wenye mashamba walilisema jambo hilo. Nani alisikiliza? Walikuwa "native", na katika lugha ya watawala "native" alikuwa mtu wa kufundishwa, si wa kuulizwa. Mwezi wa Julai 1955 hasira ililipuka huko Matombo. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Ndipo lazima ile ya matuta ilipoachwa.

Twalikumbusha jambo hili kwa sababu, kwa maoni yetu, dharau iliyokuwa ndani ya neno lile haikuondoka na bendera ya Mwingereza usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Ilihamia katika neno letu zuri la "kienyeji". Kazi ikifanywa ovyo, twasema imefanywa kienyeji. Mtu asiyefuata utaratibu, twasema anaendesha mambo yake kienyeji. Lakini huyo huyo asemaye hivyo, akienda sokoni Morogoro, atamtafuta kuku wa kienyeji na kumlipia bei kubwa kuliko ya kuku wa kisasa, naye atamsifu kwa utamu! Msitu wa Uluguru wenyewe, wenye ndege wasioonekana penginepo duniani, umepewa jina la heshima la Hifadhi ya Mazingira Asilia. Dawa za miti shamba nazo zimepata sheria yao tangu mwaka 2002, nazo huitwa tiba asili. Mti ni wa asili, dawa ni ya asili, kuku ni mtamu. Je, ni maarifa ya mkulima peke yake yaliyobaki kuwa ya kienyeji kwa maana ya ujinga?

Kiswahili hakikutufundisha hivyo. Mwenyeji ni mwenye mahali, naye ndiye ampokeaye mgeni. Ndiyo maana twasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika methali hiyo mgeni huleta faraja, lakini nyumba hubaki ya mwenyeji.

Kwa hiyo twawaomba mabwana shamba na mabibi shamba wapandao kwenda Matombo, Kinole au Mgeta waanze kwa kuuliza kabla ya kuagiza. Twawaomba walimu wasiruhusu neno "kienyeji" kuwa fimbo ya kumchapia mtoto darasani. Na sisi waandishi wa magazeti hatuna budi kuisafisha kalamu yetu kwanza.

Lakini heshima haiji bila wajibu. Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, hupata maji yake katika milima hii. Anayechoma msitu au kulima ukingoni mwa kijito hawezi kujitetea kwa kusema kwamba hapa ni kwao. Mwenyeji hachomi paa la nyumba aliyowakaribishia wageni. Aliyepigania haki ya kuulizwa juu ya ardhi yake hana budi pia kujibu anapoulizwa ameitunzaje.

Wakubwa walisema: mkataa kwao mtumwa. Watawala walitaka tuamini kwamba kuwa mtu wa kwao ndiko kuwa mtumwa. Methali yetu yasema kinyume chake, nasi twachagua kuiamini methali. Atakayetuita wenyeji, tutamwitikia kwa furaha. Tena tutamweleza wenyeji wa wapi.